Fleti za Harlem na Waliozipigania

Dalali wa New York anapotangaza fleti kuukuu kwa bei ya juu, sifa anayoitanguliza ni kwamba jengo lilisimama kabla ya vita. Anakusudia Vita Kuu ya Pili, na mnunuzi wa mjini humo huelewa mara moja anauziwa nini. Dari liko juu. Kuta ni za matofali na lipu nzito, humsikii jirani akikohoa. Sakafu ni ya vipande vya mwaloni vilivyopangwa mithili ya ukili wa mkeka, na chini ya dirisha kuna chuma kizito cha kupashia joto ambacho majira ya baridi hugonga na kupiga mluzi mvuke unapopanda kutoka kwenye tanuri la chini ya jengo. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha ujenzi wa nyumba usio wa lazima ili chuma na mbao viende vitani. Ujenzi uliporejea, mafundi walimwaga zege, wakashusha dari, wakaacha mapambo. Ndiyo maana majengo ya zamani hayakupitwa na wakati, na bei yake haikushuka kwa sababu ya uzee.

Harlem, kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan, imejaa majengo hayo. Lakini huko, uzuri wa dari na sakafu ni sehemu ndogo ya habari. Jengo lile lile, lenye ngazi zile zile za marumaru, lilikataza Weusi kwa miaka ishirini, likawapangisha kwa kodi kubwa kuliko Wazungu waliowatangulia, likatelekezwa na mwenye nyumba, kisha likauzwa kwa waliobaki ndani yake. Kwa zaidi ya karne moja watu wa Harlem wamekuwa wakitafuta njia ya kuigeuza kodi ya pango kuwa umiliki, na kila walipokaribia kulitokea la kuwarudisha nyuma.

Mwanzo wake ni pupa ya wajenzi. Mwaka 1901 New York ilipitisha sheria mpya ya nyumba za kupanga: kila chumba kiwe na dirisha la kuingiza hewa na mwanga, kila fleti iwe na choo chake, na katikati ya jengo kuwe na uwazi wa kutosha badala ya kishimo chembamba cha hewa kilichokuwa kikigeuka jalala. Wakati huo huo njia ya treni ya chini ya ardhi ilikuwa ikichimbwa kuelekea Lenox Avenue. Waliokuwa na fedha, na hata waliokopa, wakakimbilia Harlem kujenga maghorofa kwa ajili ya Wazungu wa kipato cha kati watakaopanda treni kwenda kazini. Treni ilifika mwaka 1904 ikakuta fleti nyingi kuliko wapangaji. Majengo mapya yakabaki matupu, rehani zikiendelea kudai riba kila mwezi.

Hapo ndipo alipoingia Philip A. Payton. Alikuwa kijana Mweusi kutoka Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1876, na mjini New York aliwahi kufanya kazi za chini, ukiwamo ubawabu, kabla hajafungua ofisi ya udalali. Hoja aliyowapelekea wenye majengo ilikuwa nyepesi: fleti yako imelala tupu, mimi nina watu wanaotafuta pa kuishi na watalipa zaidi. Weusi wa mjini walikuwa wamebanana katika mitaa michakavu ya kusini zaidi, na mwaka 1900 walikuwa wameshambuliwa na makundi ya Wazungu katika vurugu zilizoacha wengi wakiogopa kubaki huko. Mwaka 1904 Payton na wenzake walianzisha kampuni, Afro-American Realty, yenye mtaji uliotajwa kuwa dola 500,000 uliogawanywa katika hisa za dola 10 kila moja. Mhudumu wa hoteli au mfua nguo angeweza kununua kipande cha jengo la Harlem bila kusubiri awe tajiri.

Kisa kilichompa jina ni cha Mtaa wa 135. Kampuni ya Wazungu ilinunua majengo matatu ya mtaa huo yaliyokuwa na wapangaji Weusi, ikawapa notisi ya kuondoka ili iweke Wazungu. Payton naye akanunua majengo mawili yaliyopakana nayo, akawapa notisi wapangaji Wazungu, akawaweka Weusi waliofukuzwa. Wale wenye majengo matatu walitazama hesabu yao ikienda kombo mpaka wakaamua kuuza, na aliyenunua alikuwa Payton huyo huyo. Magazeti ya jiji yaliandika habari hizo kwa mshangao, na jina lake likaenea kwa kila Mweusi aliyekuwa akitafuta chumba.

Kampuni haikudumu. Payton alikuwa na haraka, alinunua kwa mikopo mikubwa, na wenye hisa waliona ahadi za gawio zikizidi gawio lenyewe. Walimshtaki, na mwaka 1908 kampuni ikafa. Yeye aliendelea na udalali kwa jina lake mpaka alipofariki mwaka 1917, akiwa ndiyo kwanza amekamilisha ununuzi wa majengo sita makubwa. Lawama za wenye hisa zilikuwa za haki. Hata hivyo naamini bila Payton Harlem isingekuwa Harlem tunayoijua, maana alithibitisha kwa vitendo kwamba mwenye nyumba anayesema hatapangisha Weusi kwa sababu ya thamani ya mali anaweza kubadili msimamo rehani ikimbana.

Wazungu wenye nyumba hawakukaa kimya. Kati ya mwaka 1910 na 1914 walipita mlango kwa mlango na mikataba ya kutiwa saini na kuandikishwa rasmi, kila mmoja akiahidi kutouza wala kupangisha kwa Mweusi kwa miaka kumi au kumi na mitano. Baadhi ya mikataba iliweka hata kikomo cha idadi ya watumishi Weusi ambao nyumba ingeruhusiwa kuwa nao. Kiongozi mmoja wa wenye nyumba alipendekeza kujengwe uzio mrefu wa kutenganisha mitaa. Lakini mkataba wa majirani una udhaifu wake: unamtaka kila mmoja akubali hasara ili wote wasipate hasara. Alipochoka wa kwanza akauza, wa pili akauza kwa bei ya hofu, na wa tatu hakuwa na jirani wa kumlaumu.

Kanisa nalo likaingia sokoni. Mwaka 1911 kanisa la Kiepiskopali la St. Philip's, lenye waumini Weusi, lilinunua majengo kumi ya fleti katika Mtaa wa 135 kwa dola 640,000, likawafungulia Weusi. Shughuli hiyo ilisimamiwa na madalali wawili Weusi, Nail na Parker, na Nail alikuwa amewahi kufanya kazi na Payton.

Majengo ya kifahari yalichelewa zaidi kufunguka. Graham Court, jengo la ghorofa nane lililomalizwa mwaka 1901 kwa ajili ya tajiri William Waldorf Astor, lenye njia ya kuingilia iliyoezekwa kwa kuba ya vigae na ua mpana katikati, lilikaa kwa zaidi ya robo karne bila kupangisha Weusi huku mitaa iliyolizunguka ikiwa imeshabadilika. Nyumba za Mtaa wa 138 na 139, zile zilizokuja kuitwa Strivers' Row, zilikuwa mikononi mwa kampuni ya bima iliyokataa kuwauzia Weusi hadi mwaka 1919. Wenye mali walikuwa tayari kukosa kodi kwa miaka kuliko kumfungulia mlango daktari Mweusi mwenye fedha mkononi.

Na waliofunguliwa mlango walilipia. Kufikia mwaka 1930 Weusi zaidi ya 200,000 walikuwa wakiishi Manhattan, wengi wao Harlem, wakiwamo waliotoka majimbo ya Kusini na visiwa vya Karibi. Hawakuwa na mtaa mwingine wa kuhamia, na wenye nyumba walijua hilo. Familia ilichukua fleti ya vyumba sita, ikabaki na viwili, vingine ikaweka wapangaji wa kitanda. Mwezi ulipokaribia kwisha na kodi haijatimia, walifanya karamu ya kodi. Viti na meza vilisukumwa pembeni, zulia likakunjwa, mpiga piano akaletwa, na wageni walilipa senti chache mlangoni. Vikadi vilivyochapwa kwa mashairi ya kuchekesha viligawiwa mapema mtaani na kuachwa kwenye lifti. Jikoni kulikuwa na miguu ya nguruwe, utumbo, wali wa kunde, na pombe ya mahindi iliyopikwa kwa siri kwa kuwa sheria ya wakati huo ilikataza pombe. James P. Johnson, Fats Waller na Willie "The Lion" Smith walipiga piano katika fleti hizo mpaka alfajiri, na mtindo wao wa mkono wa kushoto unaoruka kutoka noti hadi noti ulinolewa katika sebule ambazo kesho yake asubuhi mwenye nyumba angekuja kudai chake.

Katika hali hiyo ya kulipa bila kumiliki ndipo lilipokuja jaribio ambalo mimi huliona kubwa kuliko yote, la Dunbar Apartments. John D. Rockefeller Mdogo, mrithi wa utajiri wa mafuta, alinunua kiwanja kilichozungukwa na Mtaa wa 149 na 150 na barabara za Seventh na Eighth Avenue. Kati ya mwaka 1926 na 1928 msanifu Andrew J. Thomas alimjengea humo majengo sita yenye jumla ya fleti 511, yote yakitazama bustani ya ndani yenye miti, njia za matofali na mahali pa watoto kuchezea. Jina lilitokana na Paul Laurence Dunbar, mshairi Mweusi aliyefariki mwaka 1906. Rockefeller hakutaka kupangisha. Alitaka kuuza, na kuuza kwa Weusi.

Aliuza kwa njia ya ushirika, na inafaa kueleza ulivyo kwa sababu mpaka leo fleti nyingi za zamani za New York huuzwa hivyo. Mnunuzi hapewi hati ya vyumba vyake. Jengo zima ni mali ya kampuni moja. Mnunuzi hununua hisa za kampuni hiyo kulingana na ukubwa wa fleti, na hisa humpa mkataba wa kuishi humo kwa muda wote atakaokuwa mwanahisa. Kila mwezi hulipa mchango wa kuendesha jengo: kodi ya ardhi, mafuta ya tanuri, mshahara wa bawabu, na deni la rehani ya kampuni kama lipo. Wanahisa huchagua bodi, na bodi humhoji anayetaka kununua kabla ya kumkubali. Kwa hiyo mtu ni mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja, na jirani asiyelipa mchango wake ni mzigo wa kila mtu.

Dunbar iliweka masharti ambayo mfanyakazi angeyaweza. Malipo ya awali yalikuwa kama dola 50 kwa kila chumba, kisha wastani wa dola 14.50 kwa chumba kila mwezi, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ikipunguza deni la ununuzi. Walioingia walikuwa makarani wa posta, walimu, watumishi wa treni za kulala, washonaji, na pamoja nao watu mashuhuri. W. E. B. Du Bois alikaa hapo, na mshairi Countee Cullen, na A. Philip Randolph aliyewaunganisha wahudumu wa treni katika chama chao mwaka 1925. Matthew Henson, aliyefuatana na Robert Peary katika safari ya kwenda Ncha ya Kaskazini mwaka 1909 na ambaye sifa zake alizikosa kwa miaka mingi, aliishi Dunbar akiwa karani wa forodha.

Msimamizi alikuwa Roscoe Conkling Bruce, msomi wa Harvard ambaye baba yake alizaliwa utumwani akafikia kuwa seneta wa Mississippi. Alikuwa mkali. Kulikuwa na kanuni za usafi, za kelele, za nguo za kuanikwa, na jarida la wakazi lililowakumbusha wote wajibu wao. Baadhi ya wakazi walilalamika, lakini naelewa alichokuwa akikitetea. Wazungu wengi walitarajia jengo la Weusi liharibike ndani ya miaka michache, na Bruce alikusudia kuwanyima hoja hiyo. Mwaka 1928 ikafunguliwa pia benki ndani ya jengo, Dunbar National, iliyoajiri Weusi katika kazi za kaunta na ofisi ambazo benki nyingine za Harlem hazikuwapa.

Kisha uchumi ukaporomoka mwaka 1929. Weusi walikuwa wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kuachishwa. Fundi aliyekuwa akilipia fleti kwa uaminifu akakosa kazi, mke wake akapunguziwa siku za kufua na kupika kwa Wazungu, na michango ikaanza kulimbikizana. Ushirika ukashindwa kulipa deni lake. Mwaka 1936 Rockefeller alifilisi rehani na mwaka uliofuata akaliuza eneo lote. Benki ilifungwa mwaka 1938. Wakazi waliobaki walibaki kama wapangaji, na Henson aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1955.

Wako wanaomtaja Rockefeller kama mfadhili aliyeshindwa na nyakati. Mimi naona kasoro ilikuwa mapema zaidi. Mkopeshaji alikuwa mmoja tu, na mkononi mwake peke yake ndimo yalimokuwa matumaini ya familia 511. Mzungu aliyefungiwa mlango na benki moja aliweza kujaribu nyingine. Mweusi wa Harlem hakuwa na pengine pa kubisha. Serikali ilipoanza mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, kanuni zake ziliipa alama mbaya mitaa ya Weusi, na katika ramani ya Manhattan iliyochorwa mwaka 1938 kwa ajili ya wakopeshaji, Harlem ilipakwa rangi nyekundu, alama ya hatari. Fedha za bei nafuu zilizowajengea Wazungu vitongoji kuzunguka jiji zilipita mbali na Harlem, na hivyo hata mwenye kazi nzuri alibaki kuwa mpangaji.

Mahali pa heshima pa kupanga palikuwa Sugar Hill, kwenye mwinuko wa upande wa magharibi unaoitazama Harlem yote chini. Jengo lake maarufu ni 409 Edgecombe Avenue: ghorofa 13, lilijengwa mwaka 1916 na 1917 kwa michoro ya kampuni ya Schwartz & Gross, uso wake umepinda kufuata barabara, na juu kuna mapambo ya udongo wa kuchoma. Nalo lilikuwa la Wazungu pekee mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Lilipofunguliwa, Weusi waliokuwa na uwezo walipanda mlima kulifuata. Lilikuwa na lifti, na bawabu mwenye sare mlangoni. Mchoraji Aaron Douglas aliishi humo. Stephanie St. Clair, mwanamke kutoka Karibi aliyeendesha bahati nasibu haramu na kutajirika kiasi cha kupambana na majambazi Wazungu waliotaka kumnyang'anya biashara, naye aliishi humo.

Katika miaka ya 1940 jengo hilo lilikuwa na viongozi wakuu wa NAACP, chama kilichotetea haki za Weusi. Walter White, katibu mkuu, alikuwa na fleti ghorofa ya 13 ambayo watu waliita Ikulu ya Harlem. Du Bois alikuwa humo pia baada ya kurudi chamani mwaka 1944. Mwaka uliofuata aliondoka kwenda Manchester kuongoza mkutano wa Umajumui wa Afrika ambako Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah walikuwa miongoni mwa waandaaji. Du Bois na White hawakupatana, na mwaka 1948 Du Bois aliondolewa chamani. Mahasimu hao wawili waliingilia mlango mmoja na kupanda lifti moja.

Na humo aliishi Thurgood Marshall, wakili wa chama. Alikuwa mpangaji wa Sugar Hill huku akisafiri majimboni kutetea watu waliofikishwa mahakamani kwa kosa la kununua nyumba. Mikataba ile ya Harlem ya mwaka 1910 ilikuwa imeenea nchi nzima. Familia ya Mweusi ilinunua nyumba kwa fedha halali, na jirani akaenda mahakamani kudai itolewe kwa kuwa hati ilikataza. Kesi kadhaa zilifika pamoja katika Mahakama Kuu ya Marekani, Marshall akiwa mmoja wa mawakili. Majaji watatu kati ya tisa walijitoa bila kueleza sababu, na wengi wakaamini kwamba nyumba zao wenyewe zilikuwa na vifungu hivyo. Tarehe 3 Mei 1948 sita waliobaki waliamua kwa kauli moja katika shauri la Shelley dhidi ya Kraemer kwamba mahakama za serikali haziwezi kutumika kutekeleza mikataba ya kubagua wanunuzi kwa rangi.

Miaka kumi na miwili baadaye swali hilo hilo la nani amiliki nini lilimfikisha Nairobi. Januari 1960 wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria walikuwa wakijiandaa kwenda Lancaster House, London, kujadili katiba ya Kenya, na Tom Mboya, mmoja wao, alimwomba Marshall awe mshauri wao. Walimpeleka Kiambu kwenye mkutano. Maofisa wa kikoloni wakamzuia kuhutubia kwa kuwa hakuwa kwenye kibali. Alisimulia baadaye kwamba aliomba aseme neno moja tu la salamu, akasimama akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka.

London aliandika rasimu ya haki za raia. Kenya ilikuwa na Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu, na Nairobi yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Mtu angetarajia wakili aliyetoka Harlem aandike kwa hasira ya Harlem. Badala yake alifikiria jinsi watu wachache watakavyolindwa na walio wengi, wakati huu wachache wakiwa Wazungu na Wahindi. Rasimu yake ilitaka usawa mbele ya sheria na haki za elimu na kazi, na ilisema mali isichukuliwe bila fidia ya haki, na anayeona fidia haitoshi awe na njia ya kwenda mahakamani. Katiba ya uhuru haikuchukua maneno yake yalivyokuwa, Waingereza waliandika yao, lakini msingi wa fidia ulibaki. Mkulima wa Kenya aliyerudishiwa ardhi ya babu yake kwa mkopo aliotakiwa kuulipa kwa miaka ana haki ya kuuliza msingi huo ulimlinda nani. Nadhani Marshall angelipokea swali hilo kwa heshima. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mali isiyo na ulinzi wa mahakama huchukuliwa kwanza kutoka kwa mnyonge, na hakuwa tayari kuandika sheria yenye rangi ndani yake, hata iwe rangi iliyompendelea.

Kufikia wakati huo alikuwa ameshaondoka Edgecombe. Mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1955. Baadaye yeye na mkewe wa pili walihamia Morningside Gardens, ushirika mpya uliofunguliwa mwaka 1957 kwa wanunuzi wa rangi zote. Mwaka huo huo New York ikawa jiji la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba za watu binafsi. Waliokuwa na uwezo sasa waliweza kuhama, na wengi walihama.

Harlem ikabaki na wasio na pa kwenda, katika majengo yaliyokwisha kuchoka. Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipopanda, wenye nyumba wengi walipiga hesabu wakaona heri kuliacha jengo kuliko kulitengeneza. Waliacha kulipa kodi ya ardhi, wakaacha kununua mafuta ya tanuri, wakaacha kuja. Wapangaji waliamka asubuhi ya Januari vyuma vimepoa na maji yameganda kwenye mabomba. Katika majengo mengi waliojitokeza kwanza walikuwa akina mama: walipita fleti kwa fleti na daftari, wakakusanya dola chache kila mlango, wakalipia pipa la mafuta, wakamtafuta fundi wa tanuri, wakazoa taka wenyewe. Mume wa fulani akalinda mlango usiku ili wezi wasing'oe mabomba ya shaba.

Jiji lilikuwa limefupisha muda wa kungojea madeni ya kodi kutoka miaka mitatu hadi mmoja kabla ya kutwaa jengo. Likajikuta mwenye nyumba mkubwa kuliko wote Harlem, bila uwezo wa kuziendesha. Mwaka 1978 lilianzisha mpango wa kuwakabidhi majengo wapangaji waliojipanga. Waliendesha jengo kwa muda, wakafundishwa kutunza hesabu na kuitisha mikutano, na hatimaye wakauziwa kila mmoja fleti yake kwa dola 250. Ushirika ulioshindikana Dunbar ukarudi, safari hii bila tajiri na karibu bila rehani. Majengo zaidi ya 1,000 jijini yakaingia katika mfumo huo.

Leo fleti hizo nazo zinauzwa, baadhi kwa mamia ya maelfu ya dola, na tangazo linasema kabla ya vita, dari refu, mwaloni, madirisha mawili upande wa mashariki. Sheria inataka mnunuzi awe na kipato kisichozidi kiwango fulani, kwa kuwa nyumba zilitolewa kwa ajili ya wasio na uwezo. Lakini benki nyingi husita kukopesha kwa majengo hayo yenye masharti na akiba ndogo, kwa hiyo muuzaji hutaka fedha taslimu. Anayepita kwenye tundu hilo ni mtu mwenye mshahara mdogo na fedha nyingi: mrithi, au kijana ambaye wazazi wake wanamlipia. Nesi au dereva wa basi aliyekulia mtaa huo ana kipato kinachokubalika na hana cha kuweka mezani.

Ndani ya bodi hizo kuna ugomvi mkali, na pande zote mbili zina sababu. Bibi aliyelinda tanuri miaka ya 1970 anasema amefanya kazi ya mwenye nyumba kwa miaka arobaini, kwa nini asiuze kwa bei ya soko awaachie wajukuu kitu, kama Wazungu walivyowaachia wa kwao. Jirani yake anajibu kwamba fleti ilitolewa kwa dola 250 ili mwingine kama wao apate pa kuishi. Baadhi ya ushirika umepitisha kanuni kwamba sehemu kubwa ya faida, mahali pengine asilimia 30, irudi kwenye mfuko wa jengo. Mimi niko upande wa kanuni hiyo, kwa sababu mabomba ya mwaka 1917 yanapasuka na hakuna Rockefeller wa kuyalipia. Jiji nalo lilipopendekeza masharti mapya ya usimamizi badala ya yale ya zamani, wanahisa wengi walikataa, wakisema hawakuokoa majengo yao ili waje kusimamiwa na waliowaacha.

Kinachoyafanya mengi yaendelee kusimama ni punguzo la kodi ya ardhi, bila hilo mchango wa mwezi ungewashinda wazee wanaoishi kwa pensheni. Punguzo hilo limewekwa na sheria kwa miaka arobaini, na linakwisha tarehe 30 Juni 2029.